Ripoti Aprili, mjadala Novemba

Kila mwaka Machi ikiisha naiona picha ile ile kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku, CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, anamkabidhi Rais ripoti ya jinsi hela ya umma ilivyotumika, vitabu vimepangwa mezani, hotuba zinatolewa, afu Aprili ripoti zinawekwa mezani Bungeni Dodoma na hapo ndo mitandao inawaka. Mabilioni ya huku, mabilioni ya kule, halmashauri fulani imelipa mkandarasi hewa, shirika fulani hasara mwaka wa tano mfululizo. Watu wana hasira za kweli kabisa, na mimi nakuwa nao. Wiki mbili hivi. Afu inakuja bajeti, inakuja Sabasaba, inakuja usajili wa Simba na Yanga, na mwezi wa kumi na moja Bunge linakaa kuijadili ile ripoti wakati wengi wetu hata hatukumbuki ilisema nini.

Nataka niandike kuhusu hiyo miezi saba ya katikati, maana naona watu tunalaumu Bunge kwa mambo mengi, wanapiga meza, wanasinzia, wanasifia sana, lakini hili la kalenda halisemwi na mi naamini ndo linatuumiza kuliko yote.

Katiba yetu ibara ya 63 iko wazi, inasema Bunge ndo chombo kikuu ambacho kwa niaba ya wananchi kinaisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Kusimamia. Sio kutunga sheria tu. Na mbunge hawezi kusimamia hela asiyoijua ilikoenda, ndo maana kuna CAG, yule Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa ibara ya 143, ambaye ripoti yake anampa Rais na Rais anatakiwa kuhakikisha inafika Bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza cha Bunge kianze baada ya yeye kuipokea. Rais asipofanya hivyo CAG anampelekea Spika mwenyewe. Yani walioandika walishafikiria mtu anaweza kuikalia ripoti, wakaweka mlango wa pili. Hapo niliwaheshimu sana.

Sasa chukua mwaka mmoja wa fedha uone. Mwaka wa 2021/22 ulianza Julai 2021 ukaisha tarehe 30 Juni 2022. Taasisi zikapewa miezi mitatu kufunga hesabu zao, mpaka mwisho wa Septemba. CAG na vijana wake wakakagua miezi sita. Ripoti ikakabidhiwa Machi 2023, ikaingia Bungeni Aprili 2023. Baadhi ya wabunge wakataka ijadiliwe hapo hapo wakati moto upo, Spika Tulia Ackson akasema hapana, utaratibu ni kamati zifanye kazi yake kwanza, mjadala utakuwa Novemba. Na Novemba ndo ukawa. Kwa hiyo hela iliyotumika vibaya Julai 2021 imekuja kusemwa na mbunge aliyesimama na kipaza sauti Novemba 2023. Miaka miwili na miezi minne. Na katikati hapo, Juni 2023, Bunge hilo hilo lilishapitisha bajeti mpya ya 2023/24, mafungu yale yale, taasisi zile zile, zimepewa hela nyingine kabla hazijajibu za mwanzo.

Mimi hili la Juni ndo linaninyima usingizi. Maana silaha kubwa ya Bunge lolote duniani ni kusema sikupi hela mpaka unieleze zile za mwanzo. Ukishatoa hela umebaki na maneno.

Sipuuzi hoja ya Spika. Ni kweli CAG akiandika "hoja" bado sio hukumu. Hoja nyingi ni nyaraka tu, mtu alilipa bila kuambatisha risiti, risiti ikipatikana hoja inafungwa. Ndo maana kuna kamati za Bunge za hesabu, PAC kwa Serikali Kuu na mashirika, LAAC kwa halmashauri, wanamwita afisa masuuli, yani Katibu Mkuu wa wizara au Mkurugenzi wa halmashauri, anakuja na mweka hazina wake na mtu wa manunuzi na mhandisi, na makablasha yao, wanajibu hoja moja moja. Mtu ana haki ya kusikilizwa. Hilo sibishani nalo na nitalirudia huko chini maana kuna siku lilileta shida kubwa sana nchini.

Lakini ngoja niwaambie kilichotokea kwetu.

Kijijini kwetu kuna zahanati. Sitaitaja halmashauri. Wananchi walijitolea, mama yangu mwenyewe kabeba mchanga kwa ndoo kutoka mtoni, kila kaya ilipangiwa ndoo zake, wanaume walisomba mawe, boma likafika kwenye lenta. Halafu serikali ikaleta hela ya kumalizia, paa likaezekwa kweli, bati za bluu zinaonekana toka barabarani, na mambo yakaishia hapo. Milango hakuna. Madirisha yamezibwa kwa mabanzi. Ndani popo. Mama wajawazito wanaendelea kupanda bodaboda kilomita kumi na kitu kwenda kituo cha afya cha kata ya pili, na masika ile njia naijua mimi.

Baba yangu mdogo alikuwa diwani kipindi kile. Mwaka mmoja nilipakua ripoti ya CAG ya serikali za mitaa, lile faili kubwa la mamia ya kurasa, nikaandika jina la halmashauri yetu kwenye sehemu ya kutafuta, simu ikawa inaruka ukurasa mpaka ukurasa, nikafika kwenye jedwali moja la miradi ambayo haijakamilika. Mstari mmoja. Jina la zahanati yetu limeandikwa kwa makosa, herufi moja imerukwa, lakini ni yenyewe, na pembeni kiasi cha fedha kilichokwisha kulipwa. Nilikaa kitandani nimeshika simu, saa sita usiku, naona ndoo za mama yangu zimeandikwa kwenye kitabu cha serikali.

Nikampigia baba mdogo asubuhi yake.

"Baba, shikamoo. Zahanati yetu ipo kwenye ripoti ya CAG."

"Marahaba mwanangu. Najua ipo. Ilijibiwa."

"Imejibiwaje wakati haina milango?"

Akanyamaza kidogo, afu akanieleza taratibu kama anavyoelezaga mambo. Kamati ya Bunge ilipoita halmashauri, aliyekwenda kujibu ni Mkurugenzi mpya. Yule aliyekuwepo mwaka wa ile hela alishahamishwa mkoa mwingine. Mhandisi aliyesaini cheti cha malipo alishastaafu. Mweka hazina alikuwa anakaimu. Mkurugenzi mpya akasema ukweli wake, mimi nimekuta hivyo, nimeiweka kwenye mpango wa bajeti ijayo. Kamati ikaelekeza ikamilishwe. Baba mdogo akasema, "Sasa mwanangu, pale umshike nani? Anayejibu hajala, aliyekula hayupo."

Hicho ndo miezi ishirini na kitu inachofanya. Ofisi inabadilika watu. Hoja inafika Dodoma imezeeka, imechoka, haina mwenyewe. Na sio kwamba wabunge wa kamati ni wavivu, wengine nawaona wanavyouliza maswali ya maana kabisa, tatizo mtu wa kuulizwa hayupo mezani.

Watu watasema Bunge letu halijawahi kuwa na kasi. Sio kweli, limewahi, na tuliona kwa macho yetu.

Februari 2008 nilikuwa Morogoro mjini, nashinda kwa fundi redio mmoja karibu na stendi ya daladala. Alikuwa na televisheni ndogo ameiweka juu ya kabati la vipuri, picha inacheza cheza mpaka mtu ashike waya wa antena. Jumatano ile ya tarehe 6 Dk. Harrison Mwakyembe alisoma Bungeni ripoti ya Kamati Teule kuhusu Richmond. Nakumbuka konda aliacha gari linajaa lenyewe akaja kusimama mlangoni. Watu tumebanana, jasho, hakuna anayeongea, mama ntilie wa jirani kasimama na mwiko mkononi. Kwa wasiokumbuka, 2006 kulikuwa na ukame, maji kwenye mabwawa yakapungua, mgawo wa umeme ukatutesa, serikali ikaingia mkataba wa dharura na kampuni ya Richmond ilete mitambo ya megawati 100, mitambo haikuja kwa wakati, mkataba ukahamia Dowans. TAKUKURU ilishachunguza na ikasema haikuona rushwa. Bunge halikuridhika na hilo jibu, Novemba 2007 likaunda kamati yake ya wabunge watano, wakafanya kazi, na miezi mitatu haijaisha wakarudi na ripoti.

Kesho yake, Alhamisi tarehe 7, Waziri Mkuu Edward Lowassa akasimama humo humo Bungeni akasema amemwandikia Rais kuomba kujiuzulu. Pale kwa fundi redio kuna mzee alishika kichwa kwa mikono miwili. Mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha nao wakaachia ngazi, baraza zima likavunjika, Rais Kikwete akamteua Mizengo Pinda. Nilikuwa kijana, sikujua kwamba inawezekana, kwamba mbunge anasoma karatasi na serikali inaanguka bila bunduki, bila fujo, watu wakarudi kwenye daladala zao.

Ndo pale nilisema nitarudia. Lowassa alilalamika hiyo hiyo Alhamisi kwamba kamati ilimtaja lakini haikumwita kumhoji. Alilalamika mpaka baadae sana, na waliokuwa upande wake hawakuacha kusema alionewa. Na mimi, pamoja na jinsi siku ile ilivyonijenga, nadhani alikuwa na haki ya kuitwa. Ilikuwa ni kumwita tu, siku mbili. Ripoti ingekuwa nzito zaidi na isingeacha ule mlango wa malalamiko. Kwa hiyo nikisema nataka kasi sisemi watu wahukumiwe gazetini. Miezi mitatu ilitosha kuchunguza mkataba ule mzima, ingetosha na kumsikiliza mtu mmoja zaidi.

Ikaja 2012. Aprili, ripoti za kamati za hesabu zinajadiliwa, wabunge wanataja wizara moja moja wanataka mawaziri wawajibike, hata wabunge wa CCM wenyewe, na Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, akaanza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Katiba inataka asilimia 20 ya wabunge ndo hoja iweze kuwasilishwa, na saini zaidi ya 70 zilipatikana. Hoja yenyewe haikufika kupigiwa kura lakini Mei mwanzoni Rais akabadilisha baraza, mawaziri 6 wakaachwa nje. Mwaka uliofuata, Desemba 2013, ripoti ya Operesheni Tokomeza, ile ya kupambana na ujangili, ikasomwa, jinsi wananchi walivyoteswa na mifugo yao kuuawa, mawaziri 4 wakaondoka siku moja.

Na Escrow. Hii nayo ilianza na mtu mmoja, David Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, alikuwa anasimama kila akipata nafasi anauliza hela ya akaunti ya Tegeta Escrow, iliyowekwa pale Benki Kuu kusubiri mgogoro wa malipo ya umeme uishe, imetokaje, zaidi ya shilingi bilioni 300. Aliitwa majina. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alimfananisha na tumbili na ikabaki kidogo washikane mashati. Hakuacha. CAG akapewa kazi ya ukaguzi maalumu, PAC ikaichambua, na Novemba 2014 waliosimama kuisoma ni Zitto, mwenyekiti kutoka upinzani, na makamu wake Deo Filikunjombe wa Ludewa, mbunge wa CCM. Mi nawakumbuka wale wawili pamoja. Filikunjombe alikuwa anajua chama chake kinamtazama na alisoma bila kupunguza sauti. Alifariki Oktoba 2015 kwenye ajali ya helikopta, Mungu amrehemu, na mpaka leo nikisikia mtu anasema mbunge wa chama tawala hawezi kuisimamia serikali yake namkumbuka yeye. Bunge likapitisha maazimio Novemba ile ile. Werema akajiuzulu Desemba, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa kabla ya Krismasi, Profesa Sospeter Muhongo akajiuzulu Januari 2015.

Ukiangalia hizo zote zina vitu viwili vinafanana. Hela au tukio lilikuwa bado bichi, waliofanya wako ofisini wanaulizwa wenyewe. Na sisi tulikuwa tunaangalia.

La kuangalia likakatwa Januari 2016, TBC ikaacha kurusha Bunge laivu, Waziri wa Habari wakati ule Nape Nnauye akasema ni gharama. Tukabaki na vipande vya usiku vilivyohaririwa. Siku hizi unaweza kufuatilia kwenye simu na nashukuru, ila bando ni la kwako, na pale kwa fundi redio hapakuwa na aliyelipia. Yule mama ntilie na mwiko wake hatafungua YouTube saa nne asubuhi.

Na la CAG wote mnalikumbuka. Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati ule, aliulizwa kwenye mahojiano na redio ya Umoja wa Mataifa kwanini ripoti zake hazifanyiwi kazi, akasema huo ni udhaifu wa Bunge. Akaitwa na Spika Job Ndugai mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, akaenda, na Aprili 2019 Bunge likaazimia halitafanya kazi naye. Siku ile niliumia. Sio kwa sababu ya Assad kama Assad. Mkaguzi ndo anayemletea mbunge habari ya kilichotokea huko kwenye halmashauri 184 na wizara zote, mbunge peke yake hawezi kufika, sasa unapogombana na anayekuletea habari kwa sababu kasema hazitumiki, unabaki unasimamia kitu gani? Novemba mwaka huo huo nafasi yake ikachukuliwa na Charles Kichere.

Kuna mtu ataniambia mbunge ana njia nyingine. Anazo. Kuna maswali ya kila siku asubuhi, kuna Waziri Mkuu kuulizwa papo kwa papo siku ya Alhamisi, na kuna kushika shilingi, hii naipenda sana, mbunge anasimama wakati wa bajeti ya wizara anasema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi ya mshahara wa Waziri. Waziri anaeleza, anaahidi, mbunge anarudisha shilingi. Nimeona ahadi za barabara na maji zikipatikana hivyo. Lakini nimeona pia muda unaisha, gilotini inaingia, yani mjadala unakatwa, mafungu yanapitishwa kwa mkupuo, ndiyo, ndiyo, ndiyo, na shilingi zote ziko kwa wenyewe. Na mawaziri nao ni wabunge, wamekaa mle mle, wanapiga kura mle mle, na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Kwa hiyo kukataa bajeti nzima hakuna mbunge anayeota. Ndo maana nang'ang'ania kwenye hesabu na kalenda. Hapo ndo pana nafasi halisi.

Nachotaka sio kikubwa. PAC na LAAC zichukue hoja nzito, zile za hela nyingi na zile zinazojirudia kila mwaka, wazichambue Aprili na Mei, walete taarifa fupi Bungeni kabla bajeti haijapitishwa Juni. Zilizobaki zisubiri Novemba sawa. Na la pili, afisa masuuli wa mwaka ule wa fedha aitwe popote alipo, kahamia Kigoma aje kutoka Kigoma, kastaafu aje na kofia yake ya ustaafu, akae pembeni ya huyu mpya ajibu yeye. Nauli ya mtu mmoja ni ndogo kuliko milango ya zahanati.

Nilimwambia baba mdogo haya alipokuja kwangu kwenye msiba wa shangazi. Alisikiliza, akaniomba nimchapishie ule ukurasa wa jedwali. Nikaenda naye stesheneri, shilingi mia mbili, akaukunja mara nne akauweka kwenye mfuko wa shati. Akasema mbunge anakuja kijijini mwezi ujao kwenye mkutano wa hadhara na yeye sasa hivi sio diwani, ni mwananchi tu, kwa hiyo atanyoosha mkono kama wengine.

Alinyoosha. Mama aliniambia kwenye simu. Alisoma ule mstari kwa sauti, akarekebisha na ile herufi iliyorukwa, halafu akauliza waliobeba mchanga wasimame. Walisimama karibu mkutano wote. Mbunge akachukua karatasi. Milango mpaka naandika hapa haijaja, nitawaambia ikija.